Mshahara Unapokamatwa Nchini Marekani: Jinsi ya Kukokotoa Kinachokatwa na Kulinda Kinachobaki

Siku ya malipo mfanyakazi anafungua hati yake ya mshahara, na chini ya mistari ya kodi aliyoizoea anakuta mstari mpya ulioondoa dola 165.70 ambazo wiki iliyopita zilikuwa zake. Mara nyingi mstari huo maana yake ni kwamba mwajiri amepokea amri inayomtaka azuie sehemu ya mshahara na kuipeleka kwa mtu au ofisi inayomdai mfanyakazi huyo. Kiasi hicho hakipangwi na mhasibu wa mishahara, wala mdai hana uhuru wa kuchukua apendavyo. Kinatokana na hesabu iliyowekwa na sheria, na mtu yeyote mwenye kalamu na hati yake ya mshahara anaweza kuirudia hesabu hiyo mwenyewe. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kosa la hesabu linalofanywa wiki ya kwanza hujirudia kila wiki hadi mtu atakapoliona, na mwenye haja kubwa zaidi ya kuliona ni yule anayekatwa.

Amri inavyofika kwa mwajiri

Kwa madeni ya kawaida, kama vile kadi za mkopo, bili za hospitali na mikopo ya watu binafsi, mdai hana budi kwanza kwenda mahakamani, kushinda kesi na kupata hukumu. Ndipo anaweza kuomba amri ya kukamata mshahara ili kukazia hukumu hiyo. Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1969, katika kesi ya Sniadach dhidi ya Family Finance Corporation iliyotoka jimbo la Wisconsin, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumzuilia mtu mshahara wake kabla ya hukumu, bila kumpa taarifa na nafasi ya kusikilizwa, ni kinyume cha Katiba.

Nafasi hiyo ya kusikilizwa ndiyo watu wengi wanaoipoteza. Samansi inaletwa nyumbani, inawekwa kando kwa kuwa imeandikwa kwa lugha ngumu au kwa kuwa mpokeaji anaamini deni si lake, siku za kujibu zinapita, na mahakama inatoa hukumu ya upande mmoja bila kuchunguza kwa kina kama kiasi kinachodaiwa ni sahihi. Ukipata samansi, ijibu kwa maandishi ndani ya muda ulioonyeshwa, hata kama una hakika kwamba unadaiwa, kwa sababu kujibu kunamlazimisha mdai athibitishe kiasi cha deni, riba na gharama zake. Anayehitaji mkalimani na amwombe karani wa mahakama mapema, kabla ya siku ya kesi.

Yapo madeni ambayo hayahitaji kesi ya namna hii. Makato ya matunzo ya mtoto kwa kawaida huwekwa pamoja na amri ya matunzo yenyewe. Kodi ya serikali ya shirikisho hukusanywa na IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa mamlaka yake yenyewe, na mikopo ya elimu ya serikali kuu iliyoshindwa kulipwa hukatwa kwa utaratibu wa kiutawala. Haya yana hesabu zake, nami nitayarudia baada ya kueleza hesabu ya msingi.

Mapato yanayopigiwa hesabu

Sheria inayotawala ni Sehemu ya Tatu ya Sheria ya Kulinda Wateja wa Mikopo ya mwaka 1968, ambayo kwa upande wa mishahara inasimamiwa na Kitengo cha Mishahara na Saa za Kazi katika Wizara ya Kazi ya Marekani. Sheria hii haipigi asilimia juu ya mshahara ghafi, wala juu ya fedha zinazofika mkononi. Inapiga juu ya kiasi cha katikati, yaani mapato yanayobaki baada ya makato ya lazima kisheria. Katika makala hii nitayaita mapato halali ya hesabu, ili tusiyachanganye na mengine.

Makato ya lazima ni kodi ya mapato ya shirikisho, ya jimbo na ya mji pale zilipo, mchango wa Hifadhi ya Jamii wa asilimia 6.2, mchango wa Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee) wa asilimia 1.45, pamoja na michango ya kustaafu ambayo sheria inamlazimisha mtumishi wa umma kuitoa. Makato ya hiari hayahesabiwi. Bima ya afya uliyoichagua, akiba ya uzeeni unayojiwekea kazini, ada ya chama cha wafanyakazi, mkopo uliochukua kwa mwajiri: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopunguza msingi wa hesabu mbele ya mdai wa kawaida. Ndiyo maana mtu anayeongeza akiba yake ya uzeeni akitumaini kumpunguzia mdai hujikuta amepunguza fungu lake mwenyewe tu.

Bonasi, kamisheni na malipo ya likizo yanaingia katika mapato. Bahashishi anayopewa mhudumu na wateja moja kwa moja kwa kawaida haiingii.

Hesabu yenyewe

Kwa deni la kawaida, sheria ya shirikisho inaweka mipaka miwili na kuamuru kwamba kinachokatwa kisizidi ule ulio mdogo. Mpaka wa kwanza ni asilimia 25 ya mapato halali ya hesabu. Mpaka wa pili ni kile kinachozidi mara 30 ya kima cha chini cha mshahara cha shirikisho kwa wiki. Kima hicho kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, hivyo mara 30 ni dola 217.50. Kwa anayelipwa kila wiki mbili, kiasi kinacholindwa ni dola 435. Kwa anayelipwa mara mbili kwa mwezi ni dola 471.25, na kwa anayelipwa kila mwezi ni dola 942.50.

Tuchukue mfanyakazi anayepata mshahara ghafi wa dola 800 kwa wiki, tuifuate hati yake mstari kwa mstari. Hifadhi ya Jamii inachukua dola 49.60 na Medicare dola 11.60. Tuchukulie kodi ya shirikisho ni dola 52 na ya jimbo dola 24. Jumla ya makato ya lazima ni dola 137.20, na mapato halali ya hesabu yanakuwa dola 662.80. Asilimia 25 yake ni dola 165.70. Kinachozidi dola 217.50 ni dola 445.30. Kilicho kidogo ni dola 165.70, na hicho ndicho kinachokatwa.

Sasa tuangalie kinachomfika mkononi. Mfanyakazi huyu analipa pia bima ya afya dola 60 na akiba ya uzeeni dola 40 kwa wiki. Kabla ya amri alikuwa akipokea dola 562.80. Baada ya amri anapokea dola 397.10. Anapolinganisha alichokuwa akipokea na anachopokea sasa, anaona kwamba zaidi ya asilimia 29 imeondoka, naye aliambiwa ni asilimia 25. Hajaibiwa. Tofauti inatokana na ukweli kwamba robo ile ilipigwa juu ya dola 662.80, kabla ya bima na akiba yake kutolewa. Hili ndilo jambo linalowachanganya wafanyakazi kuliko lolote, na ndilo linalowafanya wengi wagombane na mhasibu asiye na kosa huku wakiacha kukagua mahali ambapo kosa linaweza kuwapo kweli.

Mwenye mshahara mdogo anapaswa kuutazama mpaka wa pili kwa makini zaidi. Ikiwa mapato yake halali ya hesabu ni dola 217.50 kwa wiki au pungufu, mdai wa kawaida hapati kitu. Ikiwa ni dola 250, robo yake ni dola 62.50, lakini kinachozidi kiasi kinacholindwa ni dola 32.50 tu, na hicho ndicho cha juu kinachoweza kukatwa. Mhasibu aliyezoea kuandika asilimia 25 bila kuangalia mpaka wa pili atakuwa amemkata mtu huyu dola 30 zaidi kila wiki. Kuna ugumu mwingine katika eneo hili ambao ni vema kuujua kabla ya kukubali saa za ziada: kati ya dola 217.50 na dola 290, kila dola inayoongezeka huenda yote kwa mdai. Mwenye mapato ya dola 250 na mwenye dola 280 wote wanabaki na dola 217.50 zilezile. Ni baada ya kuvuka dola 290 ndipo robo inaanza kutumika, na mfanyakazi anaanza kubaki na senti 75 za kila dola inayoongezeka.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hati ya mshahara. Fedha zilizokatwa kwa amri bado ni mapato yako kwa upande wa kodi. Fomu W-2 utakayopewa mwisho wa mwaka itaonyesha mshahara wako bila kuondoa kilichopelekwa kwa mdai, na kodi itakokotolewa hivyo, kwa hiyo usipange bajeti yako ukitarajia nafuu upande huo.

Matunzo ya mtoto, kodi na mikopo ya elimu

Matunzo ya mtoto au ya mwenzi yana mipaka mipana zaidi. Kama mfanyakazi anamtunza mwenzi au mtoto mwingine, hadi asilimia 50 ya mapato yake halali ya hesabu inaweza kukatwa. Kama hamtunzi mwingine, hadi asilimia 60. Asilimia 5 nyingine huongezwa ikiwa malimbikizo yamezidi wiki 12. Kwa mfanyakazi wetu wa dola 662.80 anayetunza familia nyingine na asiye na malimbikizo, kikomo ni dola 331.40 kwa wiki. Hicho ni kikomo cha makato, wala si kiasi cha matunzo, ambacho huwekwa na mahakama au ofisi ya matunzo. Aliyepunguziwa saa za kazi au kupoteza kazi anapaswa kuomba amri yake ibadilishwe mara moja, kwa sababu malimbikizo yaliyokwisha kujengeka kwa kawaida hayafutwi kwa kurudi nyuma.

Kodi ya shirikisho haibanwi na asilimia 25. IRS hufanya kinyume: inakokotoa kiasi ambacho mfanyakazi ataachiwa, kulingana na hali yake ya kifamilia katika kodi na idadi ya wanaomtegemea, halafu inachukua kinachobaki. Kabla ya kufika huko, IRS hutuma taarifa ya mwisho ya kusudio la kukamata, na mlipakodi ana siku 30 za kuomba kusikilizwa. Mwajiri anapopokea Fomu 668-W, yaani amri ya IRS ya kukamata mshahara, humpa mfanyakazi karatasi ya kueleza hali yake ya kifamilia na wategemezi wake, nayo inatakiwa kurudishwa ndani ya siku 3. Asiyeirudisha huhesabiwa kama mtu mwenye ndoa anayewasilisha kodi peke yake bila mtegemezi yeyote, na kiasi anachoachiwa hupungua sana. Mama au baba mwenye watoto wanne anaweza kupoteza mamia ya dola kwa mwezi kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika mfukoni. Ijaze siku hiyohiyo, na ubaki na nakala.

Kwa mikopo ya elimu ya serikali kuu na madeni mengine ya serikali hiyo yasiyo ya kodi, wakala husika unaweza kuagiza hadi asilimia 15 bila kwenda mahakamani, lakini unalazimika kutoa taarifa siku 30 kabla. Hapa, tofauti na deni la kawaida, malipo ya bima ya afya huondolewa kwanza kabla ya asilimia kupigwa. Upo pia ulinzi ambao watu wengi hawaufahamu: aliyeachishwa kazi bila hiari yake, kisha akapata kazi nyingine, hapaswi kukatwa kwa utaratibu huu hadi atimize miezi 12 mfululizo kazini. Ulinzi huo hauji wenyewe. Mwenye nao lazima autaje na kuambatisha ushahidi wa kuachishwa na wa tarehe ya kuajiriwa upya.

Amri zinapokuwa nyingi

Watu huogopa kwamba wadai watatu watachukua robo tatu. Kwa madeni ya kawaida haiwi hivyo, kwa maana robo ni kikomo cha wadai hao wote kwa pamoja. Aliyetangulia akiichukua yote, anayefuata husubiri. Matunzo ya mtoto kwa kawaida hutangulia, isipokuwa pale amri ya IRS ilipofika kabla ya amri ya matunzo. Ikiwa mfanyakazi wetu anakatwa dola 200 za matunzo, robo yake ya dola 165.70 imekwisha kuzidiwa, na mdai wa kadi ya mkopo hapati chochote. Ikiwa matunzo ni dola 100, mdai huyo anaweza kupata dola 65.70 zilizobaki hadi kufikia robo. Mwenye amri mbili akague hesabu hii kabla ya nyingine yoyote.

Jimbo lako linaweza kukulinda zaidi

Sheria ya jimbo na ya shirikisho zikipishana, inafuatwa ile inayoruhusu makato madogo zaidi. Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina kwa ujumla haziruhusu mshahara kukamatwa kwa madeni ya kawaida ya mteja, ingawa matunzo na kodi hukatwa huko kama kwingineko. Illinois huweka kikomo cha asilimia 15 ya mshahara ghafi, na New York asilimia 10. Florida humkinga mkuu wa familia, yaani anayegharimia zaidi ya nusu ya matunzo ya mtegemezi wake, kwa namna mbili: mapato yake halali ya hesabu yasiyozidi dola 750 kwa wiki hayakatwi, na yakizidi hapo hukatwa tu pale alipokuwa ametia saini akikubali kukatwa. Soma sheria ya jimbo lako kupitia ofisi ya msaada wa kisheria au karani wa mahakama iliyotoa amri, kwa kuwa kinga nyingi za namna hii lazima ziombwe.

La kufanya amri ikishafika

Anza kwa kupata nakala ya amri. Angalia jina lako, namba ya kesi, mahakama, kiasi cha deni na tarehe ya hukumu. Kisha weka hati tatu za mshahara mezani, moja ya kabla ya amri na mbili za baada yake, na urudie hesabu kama tulivyofanya hapo juu. Ikiwa kosa ni la hesabu ya mwajiri, mwandikie mhasibu wa mishahara kwa upole na kwa tarakimu, ukimwonyesha mpaka uliopuuzwa. Ikiwa lalamiko lako ni juu ya deni lenyewe, mhasibu hawezi kukusaidia hata kama anakuonea huruma, maana mwajiri anayekaidi amri anaweza kulazimishwa kulipa yeye. Lalamiko hilo linapelekwa mahakamani.

Huko una njia kadhaa. Unaweza kuomba kinga kwa sababu mapato yako yanalindwa au familia yako haiwezi kuishi kwa kinachobaki, na ombi hilo litapata nguvu likiambatana na risiti za kodi ya nyumba, umeme, dawa na malezi ya watoto. Unaweza kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe kama hukupelekewa samansi ipasavyo. Unaweza pia kuzungumza na mdai mkapanga malipo ya awamu, lakini usitume senti kabla makubaliano hayajaandikwa na kueleza wazi kwamba amri itaondolewa. Muda wa kupinga ni mfupi katika majimbo mengi, nyakati nyingine siku chache tu tangu taarifa ilipotolewa, kwa hiyo tarehe iliyo juu ya barua ndiyo ya kuitazama kwanza.

Kuomba ufilisi husimamisha mara moja makato ya wadai wa kawaida, lakini hakusimamishi makato ya matunzo ya mtoto. Ni uamuzi mzito unaobaki katika kumbukumbu za mikopo kwa miaka mingi, nami nisingemshauri mtu aufanye bila kuketi na wakili, hasa pale deni lililobaki linapoweza kumalizwa kwa miezi michache ya makato.

Kazi yako, na fedha zikishaingia benki

Sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi kwa sababu mshahara wake umekamatwa kwa deni moja, hata kama deni hilo limeleta amri nyingi. Mwajiri anayevunja katazo hili kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 1,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ulinzi huo haufiki kwenye deni la pili, ingawa baadhi ya majimbo yameuongeza. Mwenye amri moja kwa hiyo ana sababu kubwa ya kupatana na mdai wake wa pili kabla naye hajafika mahakamani.

Mipaka niliyoieleza inalinda mshahara ukiwa bado kwa mwajiri. Ukishaingia katika akaunti ya benki, mdai mwenye hukumu anaweza kuomba amri nyingine ya kukamata fedha za akaunti, na ulinzi wa shirikisho wa asilimia 25 kwa kawaida haufuati fedha hizo, ijapokuwa baadhi ya majimbo yana kinga yake. Anayepokea malipo ya Hifadhi ya Jamii yanayoingia moja kwa moja benki ana nafuu: tangu mwaka 2011 benki inatakiwa kuacha wazi kiasi cha miezi miwili ya malipo hayo bila mteja kuomba. Ni busara kutoyachanganya na fedha nyingine katika akaunti moja.

Makato yakiendelea, omba taarifa ya salio kutoka kwa mdai kila baada ya miezi michache, kwa sababu riba ya hukumu huendelea kuongezeka na makato madogo yanaweza kumezwa nayo. Jumlisha mwenyewe yaliyokatwa kwenye hati zako. Salio linapokaribia kwisha, mwandikie mdai na ofisi ya mishahara ukiwajulisha tarehe unayotarajia malipo ya mwisho, na baada ya hapo dai hati inayothibitisha kwamba hukumu imelipwa yote, uhakikishe imesajiliwa mahakamani chini ya namba ya kesi yako, na nakala yake uipeleke kwa mhasibu ili mstari ule uondolewe kwenye mshahara unaofuata.